Mnaoanza kuvua besi kwa boti ya alumini, funueni zulia

Jumamosi nilikaa kwenye mteremko nikisubiri zamu yangu ya kushusha boti, na ndani ya saa moja nikaona makosa yangu yote ya ujana yakipita mbele yangu yamevaa kofia mpya. Mmoja kashusha boti bila kizibo cha tundu la kutolea maji. Wa pili kafungua mkanda wa trela kabla trela haijagusa maji, boti ikaketi kwenye zege kwa kishindo kilichowaamsha ndege. Wa tatu ndiye aliyenikalisha niandike. Alikuwa ananionyesha, kwa furaha ya mtu aliyeoa juzi, sakafu aliyoipiga mwenyewe: plaiwudi ya kijani, ile iliyonyweshwa dawa, na juu yake zulia safi la kijivu.

"Hii haiozi, mzee," akaniambia.

Nikameza mate. Maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi.

Basi wadogo zangu, sogeeni. Besi ninayemzungumzia ni samaki, yule wa mdomo mkubwa. Waliokuja kwa ajili ya spika watusamehe. Kufunga mnyoo wa plastiki kwa mtindo wa Texas, ncha ya ndoana ikifichwa ndani ya chambo, mnajua, kurusha mnajua. Nataka kusema yale ambayo hamyaoni kwa sababu yako chini ya miguu yenu.

1. Kizibo. Kifunge pamoja na funguo za gari, usiweze kuondoka nyumbani bila kukishika. Nimemaliza.

2. Sakafu. Hapa nitakaa.

Boti yangu ya kwanza ilikuwa ya futi 14, ya ribiti, yaani bati zake zimeshikanishwa kwa pini za kugongwa, kuukuu lakini haina tundu hata moja. Kilichokuwa kimekwisha ni mbao ya sakafuni: ukikanyaga karibu na tezi, kule nyuma ya boti, mguu unadidimia. Nikang'oa yote, nikabaki na bati tupu, na hapo nikajiona fundi. Nikanunua plaiwudi ya kijani kwa sababu muuzaji aliniapia kwamba hata ikilala majini haiozi. Nikailaza moja kwa moja juu ya mbavu za alumini. Nikaikaza kwa skrubu za shaba, zile za rangi ya dhahabu, kwa kuwa zilipendeza machoni. Chini yake nikashindilia sponji niliyoipata bure, nikijiambia kwamba boti ikijaa maji itaelea. Juu nikabandika zulia. Nikapiga picha kumi na mbili.

Msimu wa kwanza ulikuwa raha tupu. Msimu wa pili, kila nikitoa kizibo baada ya safari, maji yanatoka na unga mweupe. Nikadhani ni sabuni. Wallahi, nilidhani ni sabuni, nikaacha kuiosha boti kwa sabuni mwezi mzima, na unga ukaendelea kutoka. Kisha boti ikaanza kuwa nzito. Nikalaumu ribiti, nikakaza ribiti 23. Nikalaumu kizibo, nikanunua kingine. Nikamlaumu shemeji yangu kwamba aliipandisha kwenye mawe, tukatupiana maneno ambayo hadi leo hayajafutika vizuri. Kazi ya mikono yangu sikuilaumu hata mara moja, maana ilikuwa na zulia zuri.

Siku iliyoniumbua nilikuwa nimemnasa besi kwenye magugu, mkubwa, nimepiga magoti ili nimshike mdomo, nikahisi magoti yanalowa. Zulia lilikuwa linatoa mapovu. Pampu ya ngama, pale chini kabisa maji yanapokusanyika, ilikuwa inafanya kazi tangu alfajiri, na kwa ule upepo sikuisikia. Nikamwachia samaki bila hata kumpima, nikarudi pwani nikikumba maji kwa mkono mmoja na kuendesha mashine kwa mwingine, na watu kwenye mteremko wakinitazama kama mnavyowatazama wenzenu sasa.

Nyumbani nikang'oa sakafu. Sponji ilikuwa imekunywa maji hadi nikashindwa kuinua kipande kimoja. Kila mahali plaiwudi ilipogusa ubavu, alumini ilikuwa imefanya malengelenge meupe. Ukikwangua moja kwa kucha linapasuka, unga unamwagika, na chini yake kunabaki kishimo cheusi kama cha ncha ya msumari. Nikaipindua boti, nikaingia chini yake saa sita mchana, nikalala chali. Juu yangu kulikuwa na nyota. Nilizihesabu hadi 41, nikaacha. Fundi wa kuchomelea alikuja, akainama, akachungulia, akaniuliza kama ninauza chekeche. Hakukubali kuweka moto. Bati la boti ile ni milimita 1.6 likiwa zima. Palipoliwa pamebaki ngozi tu, na moto ungefanya matundu 41 kuwa dirisha.

Na plaiwudi? Nzima. Nilikata kipande nikakitazama ndani: kigumu, kijani kibichi, hakuna hata chembe ya uozo. Muuzaji alisema kweli tupu. Mbao haikuoza. Kilichooza ni boti.

Sababu yake ni hii. Ile rangi ya kijani ni shaba. Shaba ikikutana na alumini, kati yao pakiwa na unyevu, umekwisha kutengeneza betri, na katika betri hiyo alumini ndiyo mnyonge, ndiyo inayoliwa. Halafu alumini ina kinga yake ya asili, utando mwembamba unaojijenga upya kila ukipata hewa. Wewe umeufunika kwa zulia lililolowa na sponji iliyolowa, hewa itapita wapi? Na msidhani mbao za siku hizi ni nafuu. Marekani iliacha dawa ya zamani yenye aseniki kwenye mbao za matumizi ya nyumbani mwishoni mwa 2003, na nyingi ya zile zilizoshika nafasi yake zina shaba zaidi, zinakula chuma kwa pupa zaidi. Usiniambie utapaka rangi katikati. Kila skrubu unayoipitisha inatoboa hiyo rangi.

Weka plaiwudi ya kawaida ya gundi isiyoogopa maji, uipake epoksi pande zote, kingo zake na ndani ya kila tundu la skrubu, au weka bati la alumini usahau habari ya mbao. Skrubu ziwe za stenlesi, nazo uzipake grisi maalumu kabla hujazikaza, kwa sababu hata stenlesi na alumini si ndugu wa damu. Povu la chini liwe lile lisilonywa maji. Na yale matundu madogo kwenye mbavu, ya kupitishia maji kwenda nyuma, msiyazibe kwa povu wala gundi.

Kwa hiyo hiyo sababu, rangi ya chini ya boti yenye shaba, ile ya kuzuia vijimea, si ya alumini. Sarafu ikidondoka ndani ya ngama, itafute. Chubwi za risasi pia, zile za kuzamishia ndoana. Najua wengi wenu mna kiasi cha kufungulia duka huko chini, zimelala kwenye maji, na kila moja inatafuna taratibu mahali ilipolala.

3. Ribiti zinazovuja. Mwaga maji ndani ya boti ikiwa juu ya trela, kisha zunguka nje na kalamu ukiweka alama. Maji kidogo tu! Lita 200 ni kilo 200, na nimeona trela ikipinda mgongo kwa sababu mtu alitaka kujaza hadi ukingoni. Kisha kausha, mmoja ashikilie chuma kizito kwenye kichwa cha ribiti kwa nje, mwingine agonge mkia kwa ndani, mapigo machache, si kama mnafukuza mwizi. Mtu wa kushika chuma awe mnayeelewana naye. Mimi nilimwita shemeji.

Silikoni ya bafuni msiitie. Inabanduka, na ikishabanduka inaacha utando ambao hata gundi ya maana haitaushika.

4. Mshipi wa kuvulia kwenye propela. Hili ndilo mnalolifanya kila wiki. Mshipi umekatika, umeelea, mmepita juu yake, "si kitu." Mshipi unajizungusha nyuma ya propela, unajikaza kwa joto, unakata sili ya ekseli, ule mpira unaozuia maji. Oili ya gia inatoka, maji yanaingia. Mnakuja kuniuliza mbona gia inalia. Toa propela mara kadhaa kwa msimu, kata uchafu wote, paka grisi, rudisha. Oili ya gia ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia. Usiiwashe tena mpaka sili ibadilishwe.

Na yule aliyekuwa anauliza mbona mashine "inakojoa" kidogo, yaani maji ya kupoza yanatoka kwa unyonge: badilisha impela, ile pangaboi ya mpira inayosukuma maji hayo. Usisubiri iache kabisa.

5. Umeme. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri, siyo kule mbele kwenye mota ya umeme. Waya wa hasi urudi kwenye betri kwa waya wake. Boti yenyewe isiwe njia ya umeme, la sivyo hadithi ya namba mbili inajirudia kwa kasi mara nyingi. Betri ya asidi usiinyonye chini ya nusu. Kwa wale wa maji baridi, anodi, kile kipande kinachofungwa ili kiliwe badala ya boti, iwe ya magnesiamu. Zinki ni ya maji chumvi, huku kwenu itakaa nzima miaka mitano bila kufanya kazi yoyote, na mtu ataisifu kwamba ni imara.

6. Kelele. Boti ya alumini ni ngoma. Sauti majini hukimbia zaidi ya mara nne kuliko hewani, na besi ana masikio ya ndani na ule mstari wa ubavuni unaohisi mtikisiko. Halafu wewe unadondosha koleo kwenye bati, unafunga kifuniko cha tangi la samaki kwa teke, unatupa nanga kama unamtupia adui. Kisha unabadilisha chambo mara nane ukidhani tatizo ni rangi. Weka mpira pale unapokanyaga na pale unapoweka koleo, lakini (kwa ajili ya yule kijana) uwe wa kutoka, ukauke.

Kuna jamaa nilivua naye asubuhi nzima akigongagonga ukingo kwa pete ya ndoa, hajui. Saa nne aliivua ili apake mafuta ya jua, akaisahau mfukoni. Tulipata watano kabla ya mchana. Sijamwambia mkewe.

7. Samaki wenyewe. Lowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza. Noa ndoana kwa tupa, jaribu ukuchani: ikiteleza, bado. Rili ikikuvurugia mshipi ukawa kama nywele ambazo hazijachanwa, kosa ni kidole gumba chako, si rili. Chambo cha chura wa mpira kikimezwa juu ya maji, usivute kwa sababu umeona maji yamepasuka; vuta ukishahisi uzito. Nimekosa samaki wa maana wengi zaidi kwa macho kuliko kwa mikono.

Besi mkubwa usimning'inize kwa taya ukiwa umemlaza ubapa ili picha itoke. Mshike mdomo kwa mkono mmoja, tumbo kwa mwingine. Na maji yakifika nyuzi 16 hivi, wanapanda kwenye kina kifupi kutaga. Dume ndiye anayelinda kiota, hatoki hapo, na atagonga chochote utakachopitisha mbele yake. Ndiyo maana mnajiona mabingwa msimu huo. Ukimtoa ukaenda naye kwenye tangi kuzunguka ziwa mpaka jioni, visamaki vidogo vinayamaliza mayai yake. Ukimshika, mrudishe pale pale, dakika hiyo hiyo.

Kuhusu uzito, nawaomba. Rekodi ya dunia ni ya George Perry wa Georgia, 1932, na Manabu Kurita alimfikia mwaka 2009 katika Ziwa Biwa, Japani. Wote wawili ni kilo kumi na kidogo. Kurita alizidi kwa chini ya wakia moja, yaani gramu 28 hivi, na kwa kuwa kanuni inataka angalau wakia mbili ili uvunje rekodi, walihesabiwa sawa. Yaani dunia nzima, miaka 77, mizani imebishaniwa hadi wakia. Halafu wewe unarudi mtelemkoni unasema "kama kilo saba hivi," na mizani uliiacha nyumbani.

8. Beringi za trela. Ukifika mteremkoni baada ya safari ndefu, shika kitovu cha gurudumu kabla ya kuzamisha. Kikiwa cha moto, subiri kipoe. Kikizama kikiwa na joto, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji, na msimu ujao utanikuta umeegesha kando ya barabara, gurudumu limelala, boti imeinama kama inasujudu. Nitasimama kukusaidia. Nitacheka kwanza.

Yule kijana wa plaiwudi ya kijani nimemwambia aje Jumamosi na mtaimbo. Alinuna kidogo, akatazama zulia lake, akauliza kama anaweza kumaliza walau msimu huu. Nikamwambia afunue kona moja tu, ile ya karibu na tezi, apitishe kidole chini ya mbao. Alirudi na kidole kimekuwa cheupe. Chuma cha kushikilia ribiti ninacho. Shemeji nimempigia simu, hajapokea.