Pedali Ikivuma, Isikize Kabla ya Kushika Pasi ya Kulehemu

Siku nilipoichomeka pedali ya gitaa, kisanduku cha kukanyagwa kinachokwaruza sauti, niliyoijenga kwa mikono yangu, kabla sijagusa hata uzi mmoja wa gitaa, spika ilianza kuvuma. Vuuuum. Mvumo mzito usiopanda wala kushuka, kama jokofu kuukuu lililo chumba cha pili. Nikipiga gitaa, sauti ilikuwa ile ya kukwaruza niliyoitamani kwa miaka. Nikinyamaza, mvumo unarudi na kujaza nyumba. Na siku tatu mbele yangu palikuwa na arusi Kisauni, hapa Mombasa, ambayo bendi yetu ilishapokea kishika uchumba chake.

Nilifanya wanavyofanya wengi. Nilibadilisha chipu, nikabadilisha rezista nne, vile vipande vinavyobana umeme, nikalehemu upya nusu ya bodi hadi usiku wa manane. Mvumo haukupungua hata kidogo. Asubuhi nikaibeba hadi Mwembe Tayari, kwa mzee mmoja anayetengeneza redio tangu sijazaliwa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umeisikiza?”

“Nimeisikia, mzee. Inavuma.”

“Kusikia umesikia. Nauliza kama umeisikiza.”

Akachomoa adapta, akaweka betri ya 9 V, akainamisha sikio kwenye spika. Mvumo ukatoweka karibu wote. Kazi ya nusu dakika, na mimi nilikuwa nimepoteza usiku mzima. Tangu siku hiyo sigusi pasi ya kulehemu mpaka niwe nimejua kelele inaingilia wapi, na ndilo ninalotaka kukueleza wewe uliye na pedali mezani inayokunyima raha.

Anza na betri. Umeme wa Kenya ni 240 V na hutikisika mara 50 kwa sekunde. Adapta ya zamani, ile nzito yenye transfoma ndani, huushusha na kuunyoosha, na katika kuunyoosha kila mtikisiko mmoja hugeuka matuta mawili. Ndiyo maana mvumo wa adapta mbaya huwa wa 100 Hz, yaani mitikisiko 100 kwa sekunde, mkali kidogo kuliko ule wa 50 Hz unaodakwa hewani kutoka nyaya za nyumba. Adapta nyepesi za siku hizi, jamaa za chaja ya simu, hazivumi; hizo hutoa mluzi mwembamba. Pedali ikinyamaza kwa betri, kosa liko kwenye njia ya umeme. Isiponyamaza, zima volumu ya gitaa hadi sifuri. Kelele ikikatika hapo, inatoka kwenye gitaa au waya wake, na pedali inaikuza tu. Jigeuze ulipokaa, uelekeze gitaa upande mwingine: ikipanda na kushuka unapogeuka, koili za gitaa zinadaka taa ya mrija au transfoma iliyo karibu. Sogea mbali nayo. Na simu iweke chumba kingine, maana ule mlio wa ti-ti-ti-ti kabla simu haijaita ni mawimbi yake yanayopiga mara 217 kwa sekunde, na pedali yenye kukuza sana huyapokea vizuri mno.

Basi kwangu kosa lilikuwa njia ya umeme. Niliweka rezista ya 100 Ω kwenye waya wa chanya unapoingia, kisha kapasita, kile kipande kinachohifadhi umeme kidogo, ya 100 µF kutoka hapo hadi grauni, yaani waya wa hasi ambao saketi yote huurudia. Viwili hivi hupunguza kila kinachotikisika juu ya 16 Hz hivi, na kadiri mtikisiko ulivyo wa kasi ndivyo unavyopunguzwa zaidi. Ni vitu vya bei ndogo sana, na sioni sababu ya kujenga pedali bila hivyo. Mvumo ulipungua, lakini haukuisha. Hapo ndipo mzee aliponionyesha chombo ambacho nakithamini kuliko multimita, kile kipima umeme.

Chukua waya wa gitaa uliokufa upande mmoja. Ukate, uvue, waya wa nje uufunge kwenye grauni ya pedali. Kwenye waya wa ndani lehemu kapasita ya 100 nF, na mguu wake wa pili uwe ndiyo ncha yako ya kugusia. Upande mzima uchomeke kwenye ampilifaya, sauti iwe ya chini. Sasa unaweza kugusa sehemu yoyote ya bodi na kuisikia: mlangoni sauti inapoingilia, baada ya rezista ya kwanza, mguu wa chipu, hadi mwisho. Kapasita huzuia umeme wa moja kwa moja na kupitisha sauti pekee. Unapotoka mahali palipo safi ukafika mahali panapovuma, umelikuta kosa kati ya hapo pawili. Fanya hivi ndani ya pedali ya 9 V tu. Usithubutu kuingiza ncha hiyo ndani ya ampilifaya, hasa ya valvu, kwani mle kuna mamia ya volti na hubaki hata baada ya kuzima.

Nikagusa mlangoni: kimya. Nikagusa pale rezista mbili za 10 kΩ zinapoigawa 9 V kuwa 4.5 V, ile nusu ambayo chipu huitegemea kama sakafu yake: vuuuum! Hapo pana kapasita ya 47 µF ambayo kazi yake ni kuituliza nusu hiyo. Nilikuwa nimeilehemu, ndiyo, lakini risasi ilipoa kabla haijashika mguu. Kwa macho ilionekana nzima. Nikaipasha moto tena, risasi ikatambaa na kung'aa, na mvumo ukafa papo hapo. Chipu niliyoitupa usiku ule, TL072, haikuwa na kosa lolote.

Kuhusu chipu hiyo kuna jambo husahaulika. Ndani yake mna vikuzaji viwili, na mchoro wa pedali ndogo mara nyingi hutumia kimoja. Cha pili usikiache kikielea, kinaweza kuanza kutetemeka chenyewe na kuchafua cha kwanza. Unganisha mguu wa 6 na wa 7, na mguu wa 5 uupeleke kwenye ile 4.5 V. Kitatulia.

Kama kelele yako si mvumo bali ni kilio, wiiiii, kinachoanza unapopandisha ukali, yaani kiasi cha kukuza, hadi mwisho, tazama waya unaoingia na unaotoka. Zikilala pamoja, sauti iliyokuzwa inarudi mlangoni na kukuzwa tena bila kikomo. Zitenganishe kwa upana wa sanduku, zifupishe, na ule wa kuingilia utumie waya wenye ngao, ngao ifungwe grauni upande mmoja tu. Na ikiwa ni mshindo, tap!, unapokanyaga swichi, weka rezista ya 1 MΩ kutoka mlangoni hadi grauni na nyingine kwenye njia ya kutokea.

Sanduku nalo. Pedali ndani ya plastiki iko uchi. Kila waya wa stima ukutani utasikika humo. Sanduku la alumini ni bora, hata kopo la bati la biskuti hufaa, mradi chuma chenyewe kiguse grauni. Kama umelipaka rangi, kwangua tundu la jeki, pale plagi ya waya wa gitaa inapoingia, kwa ndani hadi uone chuma kinang'aa, kisha pima kwa multimita kati ya kifuniko na grauni.

Sisi wa Mombasa tuna adui ambaye mchoro haumtaji: hewa ya chumvi. Jeki inayolala karibu na dirisha la upande wa bahari huota ukoko wa kijani, kisha inaanza kukwaruza, krak-krak, kila ukisogea. Wengi hudhani ni transista. Zungusha plagi ndani ya jeki ikiwa pedali inalia. Krak ikifuata mkono, ni kutu. Pamba yenye spiriti, subiri ikauke kabisa, na hifadhi pedali ndani ya mfuko uliofungwa vizuri. Mimi hununua jeki nzuri hata kama ni lazima niahirishe kitu kingine.

Shiii nyembamba ya ukali mwingi haiishi yote, kila rezista huitoa kwa asili yake. Kapasita ya 47 pF sambamba na potensiometa (rezista ya kuzungusha) ya ukali ya 500 kΩ itapunguza kilicho juu ya 7 kHz hivi, nayo inatosha.

La mwisho sitalipunguza makali. Utasikia watu wakikuambia ukate pini ya ethi, ile inayopeleka umeme uliopotea ardhini, kwenye plagi ya ampilifaya ili mvumo uishe. Usikate! Ni kweli kwamba vyombo viwili vyenye ethi kutoka soketi mbali mbali huweza kuvuma. Dawa yake ni kuvichomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Nyuzi za gitaa zimeungwa na grauni, na grauni na mikono yako. Les Harvey, mpiga gitaa wa Scotland, alikufa jukwaani Swansea mwaka 1972 baada ya kugusa maikrofoni isiyokuwa na ethi.

Kule Kisauni, kabla ya wageni kufika, niliweka multimita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye nyuzi, nyingine kwenye kichwa cha maikrofoni. Ikasoma 90. Tukafuatilia waya hadi ukutani, tukakuta soketi haina ethi. Tukahamisha kila kitu kwenye soketi ya jikoni, tukapima tena, ikasoma karibu na sifuri. Ndipo nikavaa gitaa.