Ukiachwa Krismasi Uingereza, Nunua Buti

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa dada mmoja aliyeingia Leeds Septemba kusoma. Wenzake wa hosteli wameshafunga mabegi, jua linazama kabla hajatoka maktaba, na likizo ya Krismasi anaiogopa kuliko mitihani. "Kaka, wewe ulifanyaje?" Nilimjibu mstari mmoja, nikaona nimemdhulumu. Mdogo wangu, jibu refu ni hili.

Mimi ni Mchagga wa Marangu. Wanaotufahamu wanajua Desemba ikifika hata mwenye duka Kariakoo anafunga, anapanda Moshi. Mwaka wangu wa kwanza Uingereza sikuwa na nauli ya kurudi, ila nilikuwa na ndugu, mtoto wa mama mkubwa kabisa, aliyekuwa akiishi Ripon, kaskazini ya Leeds. Akasema njoo tarehe 24, tutachoma nyama. Nikanunua kilo mbili za mbuzi, nikapanda basi namba 36, nikashuka Ripon giza limeshaingia. Simu haipokelewi. Nilipiga mara kumi na moja, nazikumbuka zote. Treni hakuna, maana reli ya Ripon iliacha kubeba abiria 1967. Basi la mwisho la mkesha lilikuwa limeondoka, na tarehe 25 mabasi hayatembei.

Saa tatu usiku nilikuwa nimesimama sokoni chini ya ule mnara wa mawe, mbuzi ndani ya begi, akatokea mtu mwenye kofia ya pembe tatu na koti refu, akapuliza baragumu. Akahamia pembe ya pili ya mnara, akapuliza, mpaka zikatimia nne. Nikadhani amelewa. Kumbe ni desturi ya kila usiku: mji unatangaziwa kwamba zamu ya ulinzi imeanza, na wenyewe wanasema ni tangu 886. Kwenye jengo la halmashauri hapo sokoni yameandikwa maneno ya Zaburi ya 127, kwamba Bwana asipoulinda mji, mlinzi anakesha bure. Niliyasoma nikitetemeka. Nikalala chumba cha juu ya baa kwa pesa ya kodi ya Januari.

Krismasi yenyewe sina la kusimulia. Mbuzi nilimpa mpishi wa baa, akaniletea sahani bila chumvi.

Nilikwenda kanisa kuu, kwa sababu lilikuwa wazi na lina joto. Ripon ina watu wasiofika 20,000, lakini kule wanaiita jiji, na heshima hiyo imetokana na kanisa lile. Chini ya sakafu yake kuna chumba alichojenga Mtakatifu Wilfrid mwaka 672. Unashuka ngazi nyembamba mpaka mabega yanakaribia kuta. Siku hiyo nilisikia tangazo: kesho, tarehe 26, watu watatembea kwa miguu hadi magofu ya Fountains Abbey, nyumba ya watawa ya zamani, kilomita kama sita na nusu. Nikacheka moyoni. Mtoto wa mlimani, kilomita sita ni kwenda shule. Nikaenda na raba za kitambaa.

Hapa ndipo ushauri unapoanza: viatu. Baridi ya Marangu na baridi ya Yorkshire, eneo la Leeds na Ripon, hazijuani. Sakitu ilikuwa imelala kwenye majani kama chumvi, lakini chini yake ni tope, na tope lile linaingia kwenye raba bila kubisha hodi. Kabla hatujafika kijiji cha Studley Roger sikuvisikia vidole. Bibi mmoja mwenye mbwa wawili aliniangalia miguu, akatoa mfukoni vile vifuko vyeusi vya kuokotea kinyesi cha mbwa, vipya, akaniambia nivivae juu ya soksi. Nilivaa. Vilisaidia. Marangu hawajui habari hii mpaka leo.

Ukipita lango unaingia mbuga ya Studley Royal. Kama umekulia Biblia ya Kiswahili, umesoma habari za ayala, yule mnyama kama swala, tangu utotoni bila kujua anafananaje. Wako pale mamia, wanakula chini ya mialoni mikubwa, pumzi zao zinatoka kama moshi wa jikoni. Nilisimama mpaka msafara ukaniacha. Kuna njia iliyonyooka, miti pande zote mbili. Ukigeuka nyuma unaona minara ya kanisa kuu mbali kule, imesimama katikati kabisa ya njia. Bustani ya mabwawa ilianzishwa na John Aislabie, waziri wa fedha aliyefukuzwa bungeni 1721 kwa kashfa ya hisa za kampuni ya South Sea. Alirudi nyumbani akachimba mabwawa. Kwetu angegombea tena.

Mwisho wa bonde ni magofu yenyewe. Watawa 13 waligombana na ndugu zao wa York mwaka 1132, wakatoka. Askofu Mkuu Thurstan akawapeleka Ripon wakala Krismasi, na tarehe 27 Desemba akawapa bonde hili, wakati huo pori tupu. Niliposimuliwa hayo nilimwangalia yule bibi kama kwamba ananisema mimi. Tuliimba ndani ya ghala lao, dari la mawe linaloenda mita 90 hivi kutoka mwanzo hadi mwisho, na sauti ya watu mia ikarudi kama ya elfu.

Sasa ushauri wa pili, ambao ni wa kwanza tena: viatu, na jua. Bibi alinipa lifti ya kurudi, nikasema asante, nitatembea. Kiburi tu, nilikuwa nimeshaumizwa na ndugu, sikutaka wema wa mgeni. Jua lilizama kabla ya saa kumi jioni, simu ikazimika kwa baridi, nikatembea mbugani gizani nikisikia ayala wakikohoa bila kuwaona. Nilianguka mara mbili. Ukipewa lifti, panda. Na acheni, jamani, kukaa chumbani mkisubiri mwaliko wa ndugu. Anayekutaka anakupigia, asiyekutaka usimpigie mara kumi na moja. Angalia ratiba ya basi kabla ya kuondoka. Nunua buti.

Tangu hapo kila tarehe 26 naenda, na siku hizi nina gari la kubeba wanne. Wewe dada una nafasi yako. Nafasi moja bado, kwa sababu mtoto wa mama mkubwa ameniandikia mwezi huu, baada ya miaka yote, anauliza kama anaweza kuungana nasi. Nimemjibu aje na buti. Hajajibu.