Hatimkato: namna ya kuvuka maneno 80 kwa dakika

Matangazo ya kazi ya Katibu Mahsusi Daraja la III yalikuwa yakitaka hatimkato, yaani kuandika kwa alama fupi badala ya herufi ili uende na kasi ya anayesema, ya Kiswahili na Kiingereza maneno 80 kwa dakika moja. Siku hizi cheo kimebadilishwa jina, utaona Mwandishi Mwendesha Ofisi, na Daraja la II linataka maneno 100. Kila tangazo likitoka napata ujumbe kutoka kwa wadogo zangu walioko kwenye vyuo vya uhazili: "Dada, nimeganda kwenye 60, nifanyeje mkono uwe mwepesi?"

Mkono wako ni mwepesi tayari. Jipime mwenyewe. Chukua neno unalolijua vizuri, tuseme "serikali", uliandike kwa hatimkato mfululizo kwa dakika moja huku saa ya simu inahesabu. Utaona mkono si tatizo. Kinachokula muda ni pale unaposikia "uwajibikaji" na umbo lake halikujii. Ukisita sekunde mbili tu, kwa kasi ya 100 msomaji wa imla ameshakuacha maneno matatu, na unapoanza kuyakimbiza hayo matatu unayapoteza mengine sita.

Kwa hiyo ukimaliza imla moja, usirukie nyingine. Rudi kwenye daftari, zungushia kila neno uliposita, hata kama mwishowe uliliandika sawasawa. Kila ulilozungushia liandike mstari mzima huku unalitamka kwa sauti, kisha uliandike pamoja na majirani zake: "uwajibikaji wa watumishi wa umma". Halafu usomewe imla ileile upya. Wengi wanaona kurudia imla ni kujidanganya kwa sababu maneno wameshayazoea. Lakini kuyazoea ndiko tunakokutafuta! Msamiati wa ofisini haupo mwingi kivile. Bajeti, utekelezaji, kikao, taarifa, halmashauri: yanarudi kila siku.

Kiswahili kina ugumu wake ambao vyuoni hausemwi vya kutosha. Isaac Pitman, Mwingereza, alitoa mfumo wake wa hatimkato mwaka 1837 kwa ajili ya Kiingereza, lugha yenye maneno mafupi mafupi. Sisi tunasema "hawajatuletea", silabi saba, na kwenye hesabu ni neno moja. Mwingereza angehitaji maneno kadhaa kusema jambo hilohilo, na yote yangehesabiwa. Ukiona 80 ya Kiswahili inakutoa jasho kuliko 80 ya Kiingereza, usijilaumu. Fanyia mazoezi viambishi peke yake, hadi nita-, hawata-, walipo- na zilizo- zitoke bila kuwaza. Hapo neno refu linabaki na mzizi tu wa kufikiria.

Kuhusu usahihi, tatizo la kwanza ni uzito wa mstari. Katika Pitman, P ni mstari mwembamba na B ni huohuo umekolezwa. T na D vilevile, K na G, F na V. Maana yake "pata" na "bata" zinatenganishwa na mkandamizo wa penseli tu. "Faa" na "vaa" hivyohivyo, "kamba" na "gamba" pia. Kalamu ya wino ya kawaida haikolezi vizuri, ndiyo maana nasisitiza penseli laini, na uwe nazo tatu zimechongwa kabla imla haijaanza. Ukichoka, mkono huanza kukoleza kila kitu. Ikifika hapo pumzika, maana unaufundisha mkono uongo.

Tatizo la pili ni irabu. Ukiharakisha unaziacha, na kwa Kiingereza mara nyingi unasalimika. Kwa Kiswahili, M na T zikiwa tupu, ni mti, mtu au mto? Nafasi inasaidia kiasi: kwa kanuni za Pitman "mto" unakaa juu ya mstari wa daftari, "mti" na "mtu" zinaukata. Lakini mti na mtu zimebaki pamoja, hadi uweke nukta kwa moja na kistari kwa nyingine. Usitegemee kwamba sentensi itakuokoa, kwa sababu "umeanguka" na "ameanguka" nazo ukizivua irabu zina mifupa ileile. Mimi kwa maneno ya namna hii naweka irabu palepale, hata kasi iwe kubwa vipi. Maneno marefu kama "utekelezaji" yaache bila irabu, hayafanani na kitu.

Imla za kufanyia mazoezi zipo bure. Bunge letu la Tanzania huweka kwenye tovuti yake Taarifa Rasmi za Majadiliano, yaani Hansard, na humo utakuta Kiswahili cha ofisi na cha watu wanaobishana. Chagua ukurasa, piga mkwaju (/) kila baada ya maneno 20. Msomaji akifika kwenye mkwaju kila sekunde 15, hiyo ni 80 kamili. Kwa 100, mkwaju uwe kila maneno 25. Mwombe mtu akusomee, au urekodi kwenye simu, ila isiwe sauti yako kila siku. Ukijisomea unapumua pale unapotaka wewe, na bosi hatapumua hapo.

Panga kasi kwa kushuka, siyo kupanda. Dakika moja ya 100, mbili za 90, tatu za 80. Ile ya kwanza itakuvuruga, na ni sawa. Ukifika 80 utashangaa msomaji amekuwa mpole ghafla. Neno likikupita, acha nafasi ya vidole viwili uende mbele, utalijaza wakati wa kusoma. Katibu anayesimama kutafuta neno moja hukosa aya.

Sasa kusoma. Hapa ndipo naona wanafunzi wengi wanakwepa, kwa kuwa kuandika kunapendeza na kusoma kunaumbua. Kila asubuhi chukua imla ya jana, siyo ya sasa hivi ambayo bado unaisikia masikioni, uichape yote kwenye kompyuta, kisha uilinganishe na maandishi yenyewe neno kwa neno. Umbo usiloweza kulisoma kesho yake halikuwa na faida kuandikwa haraka. Liingize kwenye orodha ya yale uliyoyazungushia.

Misemo inayorudi iunganishe iwe umbo moja: "kwa mujibu wa", "kwa niaba ya", "Mheshimiwa Mwenyekiti", "napenda kuchukua nafasi hii". Daftari liwe la kufunguka kwa juu, ukurasa ugawe katikati kwa mstari ili mkono usisafiri mbali, na kidole gumba cha kushoto kiusukume ukurasa taratibu kabla hujafika chini. Dakika 20 asubuhi na 20 jioni zinatosha. Kukesha Jumamosi nzima ni kuchosha kiganja bure.

Kuna anayeniambia simu sasa inasikiliza na kuandika yenyewe. Sawa, itumie. Ila kaa kwenye kikao ambacho wajumbe watatu wanasema kwa pamoja, au kile ambacho simu zote zimeachwa mlangoni, halafu mwenyekiti anakugeukia: "Katibu, hebu tusomee azimio tulivyolisema."