Ukiandika Riwaya Juu ya Mzazi Aliyeanza Kusahau

Nilirudi Tanga kumuuguza mama katika mwaka ambao nilikuwa nimekusudia kumaliza riwaya nyingine kabisa, na baada ya miezi michache nikaona kwamba sina hadithi ya kuandika ila ya nyumba ile. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa mbovu, na huenda ubovu wake ukamsaidia mwandishi mwingine aliyerejea kwao akapokewa kwa swali, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Kosa kubwa lilikuwa kumfanya mama asahau yote kwa mpigo. Ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo kikuu cha dimensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, kwa kawaida huanza na sehemu za ubongo zinazopokea mambo mapya. Ndiyo maana mama hakujua kama amekwisha kunywa chai, lakini aliweza kuwataja, kitanda kwa kitanda, wasichana waliolala naye bweni moja. Alizaliwa Lushoto, na kadiri ugonjwa ulivyosonga Kiswahili chake kilipungua na Kisambaa kikarudi, lugha ambayo sisi watoto, tuliokulia mjini, hatukuijua vizuri, hata ikawa jirani mmoja mzee aliyetoka huko huko milimani anamwelewa mama yangu kuliko mimi. Jambo hilo niliacha kuliandika kwa kuogopa kumchosha msomaji, kumbe ndilo lililokuwa riwaya yenyewe.

Maswali yanayojirudia nayo yana ugumu wake. Kila jioni, saa ambazo wagonjwa wengi wa namna hii huzidi kuchanganyikiwa, mama aliuliza, "Baba yenu hajarudi?" Mwanzoni nilimjibu kwamba baba alikwisha kufariki, naye akalia upya kama siku ya msiba, kisha baada ya nusu saa akauliza tena. Baadaye nikajifunza kumwambia, "Ulitaka kumwambia nini, mama?" na hapo akanieleza kwa utulivu habari za mabati ya nyumba iliyojengwa kabla sijazaliwa. Katika riwaya, andika tukio kama hilo kwa ukamilifu mara moja tu; baada ya hapo neno "mabati" pekee litamrudisha msomaji kwenye jioni zote zile.

Usimfanye msimulizi wako malaika. Mama alipomtuhumu binti aliyekuwa akitusaidia kazi kwamba amemwibia fedha, ambazo tulizikuta zimefungwa pindoni mwa khanga ndani ya ndoo ya unga, nilimfokea mama mbele ya wageni, ingawa nilikwisha kuelezwa kwamba kuficha vitu na kushuku watu ni sehemu ya ugonjwa. Ukurasa huo niliufuta kwa aibu. Rafiki aliyesoma rasimu akaniuliza ni lini mtu huyu huchoka, nikaurudisha.

Wape nafasi pia ndugu na ubishi wao. Kwetu shangazi alisema mama ametupiwa jambo, kaka akasema ni uzee tu, na miezi ikapita bila hospitali. Kwa anayeishi hayo sasa, si kwa mwandishi peke yake, nasema ampeleke mzazi kwa daktari mapema, kwa kuwa upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sonona na hata maambukizi ya njia ya mkojo huweza kumchanganya mzee kwa namna inayofanana na dimensia, na hayo yana tiba.

Linalonisumbua bado ni ruhusa. Mama hakuweza tena kuelewa kwamba anaandikwa, hivyo nilibadili majina, nikawapa ndugu zangu rasimu waisome, na kurasa mbili za bafuni nikaziondoa bila kushauriana na mtu. Sura ya bweni nilimsomea mwenyewe. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akanisahihisha jina la mwalimu wa zamu.