Wamongolia, Ming na maswali yenu

Genghis Khan aliitawala China kwa miaka mingapi?
China nzima hakuitawala hata siku moja. Swali hili linarudi kila mara, na kila mara jibu ni hili: alifariki 1227, kusini kukiwa bado mikononi mwa utawala wa Kichina wa Song. Aliyeimaliza Song ni mjukuu wake Kublai, mwaka 1279, miaka minane baada ya kutangaza utawala wa Yuan, yaani wa Wamongolia nchini China.

Je, Yuan ilianguka kwa sababu Wamongolia walilewa anasa?
Nimechoka na jibu hili la mkato. Tazameni mto na noti. Mwaka 1344 Mto Huang He ulivunja kingo zake, mashamba yakazama, njaa na maradhi vikafuata. Serikali ilizoea kuchapa noti kila hazina ilipopwaya, na bei zikapaa. Mwaka 1351 ikakusanya vibarua wapatao 150,000 waurudishe mto njiani. Wenye njaa wakajikuta pamoja, na uasi wa Vilemba Vyekundu ukalipuka mwaka huohuo. Zhu Yuanzhang, mtoto wa mkulima, alifiwa na wazazi katika njaa ile ya 1344, akapokewa kwenye hekalu la Kibudha, kisha akatumwa kuombaomba barabarani. Mwaka 1368 ndiye kaizari wa kwanza wa Ming, utawala uliochukua nafasi ya Yuan. Anayesimulia anguko la dola bila kutaja bei ya chakula anawapotosha.

Ujumbe wa uasi ulifichwa ndani ya keki za mwezi?
Ngano tupu. Acheni kuisambaza.

Ming walifuta kila kitu cha Wamongolia?
Hapana, ingawa walipiga marufuku mavazi yao. Mtindo wa familia za kijeshi, mwana wa askari naye awe askari, waliuendeleza. Mwaka 1375 wakatoa noti zao zisizobadilishika kwa madini ya fedha, nazo zikaporomoka vilevile.

Zheng He alikuwa Mmongolia?
Hapana. Amiri huyu wa Ming, ambaye meli zake zilifika hadi Afrika Mashariki, alikuwa wa ukoo wa Waislamu wa Yunnan, kusini-magharibi mwa China, wenye asili ya Asia ya Kati, uliostawi chini ya Wamongolia. Ming walipoiteka Yunnan walimkamata akiwa mtoto, wakamhasi. Hotuba za urafiki wa China na Afrika humtaja twiga wa Malindi wa 1415 na kuruka kisu hicho. Kitajwe.

Kwa nini safari zake zilikoma 1433?
Gharama, na kaskazini. Wamongolia hawakuyeyuka 1368. Walirudi nyikani kwao. Mwaka 1449, pale Tumu, walimteka kaizari wa Ming akiwa hai. Ukuta wa matofali mnaoupigia picha karibu na Beijing ulijengwa na Ming kwa hofu hiyo.