Usafi wa ngazi kwenye ghorofa: achaneni na zamu, tafuteni mtu mumlipe

Mkuu, umesema jengo lenu lina nyumba kumi na mbili, ngazi zinanuka, zamu mlijaribu ikafa mapema, na sasa kwenye grupu la WhatsApp ni vijembe tu. Mimi naishi ghorofa ya tatu kwenye jengo la nyumba kumi na sita hapa Dar, upande wa Ilala, na ndiye ninayeshika hela ya usafi, kazi ambayo simwombei hata adui. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Zamu sahauni. Uswahilini, kwenye nyumba ya vyumba, zamu inakwenda kwa sababu ya uani. Wote mnapikia pale, mnafulia pale, choo ni hichohicho. Mwenye zamu akilala, jua halijachomoza vizuri ameshaimbiwa mafumbo na mama anayechambua mchele kibarazani, na ufagio umeshaegeshwa mlangoni kwake. Ghorofani hakuna uani. Mtu anafunga mlango, anashuka, anapanda bodaboda, kaondoka. Isitoshe, angalia ni nani hasa anayedeki siku ya zamu: dada wa kazi. Kwetu madada wa nyumba tatu nne ndio waliokuwa wakidekia jengo zima, halafu mabosi wao wanaandika kwenye grupu "sisi zamu yetu tumemaliza". Mmoja akagoma, akasema yeye ameajiriwa kulea mtoto, ngazi hazimo. Alikuwa na haki kabisa.

Kwa hiyo tafuteni mtu, mumlipe. Sisi kila nyumba inatoa 10,000 kwa mwezi. Mama anayetufanyia usafi anakuja asubuhi siku tatu kwa wiki, anapata 120,000, na 40,000 inayobaki ni ya sabuni, fagio, dekio na dawa ya choo cha mlinzi. Nyie mko wachache, labda mumwite siku mbili.

Hela yenyewe si kubwa. Kelele zinatoka kwingine, na za kwanza zitatoka chini: "Sisi ngazi hatupandi, tulipie za nini?" Msimcheke anayesema hivyo. Kwetu alikuwa mzee mmoja mstaafu, na kwenye grupu vijana walimjibu ovyo, akatoka kwenye grupu na hela hakutoa. Kilichosaidia ni kulitembea jengo kwa miguu. Jumapili moja jioni wachache wetu tulianzia juu kwenye simtanki, tukashuka ngazi kwa ngazi mpaka getini, na yeye tulimwomba atusindikize. Kufika kwake tukaona. Wa juu wakidekia, maji meusi yenye mchanga na maganda ya vitunguu yanashuka ngazi hadi yanatuama kwenye kizingiti chake. Pipa la taka la jengo zima liko chini ya dirisha lake la chumbani. Chemba ikijaa, inafurikia mlangoni kwake. Yaani asiyepanda ngazi ndiye aliyekuwa anakula uchafu wetu wote. Tukakubaliana pipa lihamie upande wa pili wa geti, na maji ya kudekia yakamuliwe kwenye ndoo na kumwagwa chooni, yasisukumwe kwenda chini. Baada ya hapo alitoa 10,000 kama wengine, na mpaka leo halipi kwa kuchelewa. Kama tungeendelea kubishana naye kwa simu tungekuwa tunabishana hadi sasa.

Katika matembezi hayo mtapata pia mpaka wa kazi, jambo ambalo watu hawalisemi mpaka wagombane. Sisi tuliamua hivi: ngazi, korido, geti na sehemu ya pipa ni kazi ya mama wa usafi. Mbele ya mlango wako, pamoja na lile lundo la kandambili, gunia la mkaa na baiskeli ya mtoto, ni kazi yako. Yeye hahamishi kitu cha mtu, anadeki anapopaona.

Kuhusu kuaminiana: hela ya usafi isichanganywe na ya mlinzi wala ya pampu ya maji. Zikichanganyika, siku pampu inaungua, mama wa usafi hapati mshahara, na watu wataamini imeliwa hata kama haijaliwa. Sisi tumebandika karatasi pale chini kwenye mita za LUKU, ina namba za nyumba tu bila majina, ukilipa unawekewa tiki. Risiti ya sabuni inabanwa hapohapo. Kila anayepita anaisoma wakati anaingiza umeme, hakuna haja ya kumkumbusha mtu.

Wasiolipa wako wa aina nyingi. Kuna nyumba ya mabachela watatu kwetu, kila mmoja alidhani mwenzake ametoa. Tukawaambia wachague mmoja wa kuulizwa, ikaisha. Kwa wengine mtumeni mtu mzima, agonge mlango, asalimie vizuri, aongee ndani. Ukimtaja mtu kwenye grupu, hela umeikosa na salamu umeikosa. Nyumba moja haijatoa tangu tuanze. Pengo lake tukiligawana haifiki hata 1,000 kila nyumba, tumeamua tulale usingizi.

Suala la mpangaji na mwenye nyumba ni zito kidogo. Kama jengo limeuzwa nyumba moja moja, Tanzania Bara kuna sheria ya umiliki wa sehemu za jengo ya mwaka 2008: wenye nyumba wanakuwa na chama chao, na ndio wanaochangia utunzaji wa maeneo ya pamoja. Mpangaji anaingia kulingana na mkataba wake ulivyoandikwa, basi usomeni kabla ya kumbana. Kama jengo lote ni la mtu mmoja, msichangishane kwanza. Mpelekeeni hesabu iliyoandikwa, mwambieni mtu wa usafi ni kiasi hiki, aseme kama iko ndani ya kodi au iongezwe. Madalali hili hawaligusi kabisa wanapokuonyesha nyumba.

Serikali ya mtaa tuliwahi kwenda kwa jambo moja tu, mtu aliyekuwa akirusha mifuko ya taka dirishani usiku. Mwenyekiti alimwita, taka zikakoma. Yule mrusha taka hatusalimiani naye, lakini taka zilikoma.

Kuosha kukubwa, yaani kuta za ngazi, geti na kuzibua mifereji, fanyeni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Siku hiyo watu wameshaizoea kuwa ya usafi tangu mambo ya 2015, kulipokuwa na kipindupindu na Rais Magufuli akafuta sherehe za Uhuru za Desemba 9 watu wakashika mafagio. Maduka mengi yanachelewa kufunguliwa, kwa hiyo hata mwenye kibanda hana kisingizio. Hapo ndipo wasiotoka ndani kabisa wanashuka, hata kama ni kwa kusimama na kikombe cha chai wakielekeza wengine.

Kikao chenu cha kwanza msikifanyie sebuleni kwa mtu, maana walionuniana hawataingia. Simameni getini. Na tuambie hapa, jengo ni la mwenye mmoja au kila nyumba ina mwenyewe? Hapo ushauri wangu unabadilika.