Mafuta ya Mdomo Bila Plastiki: Niliyojifunza kwa Kuharibu Suruali

Siku moja nilimwaga mkoba mezani nikitafuta ufunguo. Ufunguo sikuuona, ila niliona vijiti vinne vya mafuta ya mdomo, vyote vya plastiki, vyote vimeishia nusu. Kwa udadisi nikakifungua kimoja kipande kwa kipande: mfuniko, mrija, kitako cha kuzungusha, kijiti cha katikati chenye hesi kama skrubu, na kikombe kidogo kinachobeba mafuta yenyewe. Vipande vitano, kwa ajili ya mafuta ya gramu 4 na kidogo!

Vingi vya vijiti hivi hutengenezwa kwa polipropilini, ile yenye namba 5 ndani ya pembetatu. Kwa jina inaweza kuchakatwa upya. Lakini kitu kidogo kiasi hicho hupenya kwenye chekecheke za mitambo ya kutenganisha taka na kuangukia kwenye mabaki, tena kikiwa bado kimegandiwa na mafuta. Nikaamua kubadilisha. Vile vinne nilivimaliza kwanza, maana kutupa kitu kizima ili ununue kisicho na plastiki ni kuongeza taka.

Nilianza na kijiti cha karatasi ngumu, kile unachosukuma kwa kidole kutoka chini. Kizuri, chepesi, kinapendeza. Nikakiweka mfukoni mwa suruali, nikakikalia nusu siku. Jioni karatasi ilikuwa imelowa mafuta, na suruali ina doa ambalo halijatoka hadi leo.

Kosa halikuwa la karatasi. Nilichagua kifungashio bila kuangalia kilichomo ndani. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi, siagi ya kakao huyeyuka karibu na joto la mwili, ilhali nta ya nyuki husubiri hadi nyuzi 62 au zaidi. Kwa hiyo siku hizi kabla ya kununua cha karatasi nasoma orodha ya viungo, ambayo hupangwa kuanzia kilicho kingi. Nta ya nyuki huandikwa Cera Alba. Nikiikuta katika nafasi tatu za mwanzo, nanunua. Nikikuta mafuta matatu yamepangana na nta imejificha mwishoni, hiyo ni ya kopo. Wasiotumia mazao ya nyuki watafute nta za mimea: ya kandelila, inayoyeyuka kwenye nyuzi 70 hivi, au ya karnauba, inayovuka 80.

Jambo jingine kuhusu karatasi: sukuma kidogo tu kila mara, kwa sababu hakuna hesi ya kuyarudisha mafuta chini. Na muulize muuzaji kama ndani pana utando wa plastiki. Baadhi wanaweka ili mafuta yasipenye, kisha kwa nje wanaandika "karatasi" kwa herufi kubwa.

Kwa matumizi ya kila siku nimeishia kwenye kopo, na sina mpango wa kuhama. Lakini makopo nayo hayafanani. Ukiligusisha sumaku likanata, ni chuma kilichopakwa bati, na likikaa bafuni au kwenye mfuko wenye unyevu litaota kutu ukingoni. Lisiponata, yamkini ni alumini, ambayo haioti kutu. Mfuniko wa kuzungusha nauamini kuliko wa kubana. Wa kubana ulishanifungukia mkobani, na ufunguo niliokuwa nautafuta siku ile uliwahi kuogelea humo. Chupa ya kioo pia inafaa nyumbani, ila geuza mfuniko uangalie: mara nyingi ndani yake kuna kiduara cha plastiki.

Shida ya kopo ni kidole. Osha mikono kwanza, na usimwazime mtu, hata rafiki wa kufa na kuzikana. Ukiwa na kidonda mdomoni, chota kwa kijiko kidogo safi.

Kuna vifungashio vinavyoitwa plastiki ya mimea, vimeandikwa kwamba vinaoza. Vingi huhitaji kiwanda maalumu cha mboji chenye joto la karibu nyuzi 60. Ukivifukia bustanini utavikuta. Mimi navipita. Plastiki inaweza hata kuwa ndani ya mafuta yenyewe: neno polyethylene likiwa kwenye viungo, ni plastiki iliyotumika kuyagandisha.

Kopo zuri halimaanishi mafuta mazuri. Niliwahi kununua la kupendeza lililojaa mentoli na kafuri, midomo ikawaka kwa wiki nzima. Ngozi ya mdomo ni nyembamba na haina tezi zake za kutoa mafuta, hivyo kinachoisisimua huikausha zaidi, unabaki unapaka na kupaka. Kadiri orodha inavyokuwa fupi ndivyo ninavyotulia. Mafuta ya mgando, kwa mfano, hutokana na mafuta ghafi ya petroli na hayatamfurahisha kila mpenda mazingira, lakini yanafunga unyevu vizuri na sigombani na anayeyatumia.

Kwa anayeshinda juani nina ushauri mmoja usiopendeza: ukikosa mafuta yenye kinga ya jua kwenye kopo, nunua ya plastiki. Usiache midomo iungue kwa ajili ya kifungashio.

Kopo likiisha, lioshe kwa maji moto na sabuni, likauke kabisa, ulijaze mwenyewe. Mimi napima sehemu 1 ya nta ya nyuki, 1 ya siagi ya shea na 2 za mafuta ya maji, nayeyusha kwenye bakuli lililokaa juu ya maji ya moto. Kabla ya kumimina nadondosha tone kwenye kijiko kilichotoka kwenye friji. Likiganda likawa gumu mno naongeza mafuta kidogo. Likiteleza naongeza nta.